Kofia Kwenye Kiti cha Mjumbe

Hata mke wake alimwita Karani. Ungemsikia jioni akiita kutoka mlangoni, "Karani, chai inapoa!" naye Karani anajibu kutoka kwenye bomba la maji, "Nakuja, iandike imepoa." Pale lokesheni ya Nakuru, mtaa wa sisi Waafrika, makarani walikuwa wengi, wa reli, wa posta, wa maduka ya Wahindi, lakini ukisema Karani bila kuongeza neno lingine, kila mtu alijua unamtaja yule wa bodi.

Kwao magharibi sikuwahi kufika, na habari za ukoo wake sizijui, kwa hiyo sitazizusha. Ninachojua ni ile miaka tuliyokaa naye mlango kwa mlango, ukuta mmoja, mpaka kikohozi chake nilikuwa nikikitambua.

Bodi yenyewe ilikuwa ya serikali, ya kushauri mambo ya lokesheni: mifereji, vyoo, bomba lililopasuka, nani apewe chumba na nani angoje. Wajumbe walikuwa watu wetu walioteuliwa, na Bwana D.O., ofisa wa wilaya wa Kizungu, alikuja kikaoni akipenda. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Mjumbe alipewa nyumba ya vyumba viwili yenye sakafu ya simiti, karibu na ofisi ya bodi, na karani vilevile. Kiti kikiondoka, nyumba nayo inaondoka. Sisi wake tulilijua hilo kuliko waume zetu, maana wao walifikiria kiti na sisi tulifikiria paa.

Karani alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kipara kinachong'aa, na hakuwahi kuvaa kofia. Mvua ya Nakuru ilimnyeshea, vumbi la ziwani lilimpaka hadi nyusi zikawa nyeupe, na bado kichwa wazi. Nilimuuliza mara moja, "Karani, huna hata kofia ya mtumba?" Akasema, "Kofia ni ya mtu anayefikiria kukosa kikao, shemeji. Mimi sikosi."

Hapo lazima nieleze, maana watu wa siku hizi hawatanielewa. Kanuni za bodi zilisema mjumbe akikosa vikao vitatu mfululizo bila udhuru, kiti chake kinakuwa wazi. Lakini udhuru unaletwaje? Wajumbe wengine hawakujua kuandika, na ujumbe wa mdomo ulizua ubishi. Ati nilisema, ati hukusema. Basi ikazoeleka kwamba mjumbe aliyeshindwa kuja anatuma kofia yake. Karani anaipokea mlangoni kwa mikono miwili, anaiweka kwenye kiti cha mwenyewe, na akiita majina na kulifikia hilo, anaitazama kofia na kuandika: ana udhuru. Nimeona vikao ambavyo kofia zilikaribia kuwa nyingi kama vichwa.

Halafu akatokea mjumbe mmoja, muuza nyama, mtu wa pombe, mcheshi sana. Huyo akitaka kukosa alikuwa anamnyang'anya kofia yeyote anayepita dukani na kuituma. Mwezi huu kofia ya fundi baiskeli, mwezi ujao kofia ya mpishi wa hoteli. Siku moja mpishi mwenyewe akaifuata kofia yake mpaka kikaoni na aproni kiunoni. Watu walicheka wakashika mbavu. Mume wangu hakucheka. Alisimama akapendekeza iandikwe wazi kwamba kofia iwe ya mjumbe mwenyewe, ile inayojulikana kichwani pake, na si ya kuazima, na atakayetuma ya kuazima ahesabiwe amekosa vikao vyote vitatu bila udhuru. Wote wakaunga mkono. Karani aliiandika kanuni hiyo kwa ile hati yake iliyosimama wima, na mume wangu akarudi nyumbani amejaa furaha. Tulimcheka muuza nyama mpaka chakula kikapoa.

Ninyi mnaosoma mtadhani Karani alikuwa mtu mgumu. Hapana bwana. Alikuwa mwoga. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa jogoo wangu mwekundu hata akawa anazunguka nyuma ya nyumba kwenda chooni. Sukari aliipenda kama mtoto, na mke wake aliificha ndani ya mtungi. Mtu akimpandishia sauti, macho yalimtoka machozi papo hapo, naye anajidai ni vumbi. Lakini mshike kwenye kanuni uone! Alikuwa na kitabu chake cheusi alichokifunga kwa kitambaa cha meza, na neno lake lilikuwa moja: "Imeandikwa wapi?" Watu wakigombania foleni ya maji, imeandikwa wapi? Mke wake naye alimrudishia: "Imeandikwa wapi kwamba mimi ndiye nioshe hizi soksi?" Karani akaenda akaziosha.

Siku moja alichelewa kufika kikaoni kwa sababu ya kuhara. Aliingia, akakaa, akafungua daftari, na mbele ya wote akaandika kwamba karani alichelewa, akasoma alichoandika kwa sauti. Mwenyekiti akamwambia, "Wacha hayo, hakuna aliyeuliza." Akajibu, "Daftari limeuliza."

Nilimpenda kwa hilo. Nasema wazi, nilimpenda kama ndugu.

Wakati wa hali ya hatari walikuja kumchukua mume wangu. Ilikuwa msako wa mtaa mzima, watu wetu wa Kikuyu tukapangwa uwanjani, mtu aliyefunikwa gunia akapita akiangalia nyuso, na mbele ya mume wangu akatikisa kichwa kuitikia. Basi. Hakuna korti, hakuna shtaka. Walimpakia kwenye lori pamoja na wengine, na kofia yake ikaanguka kwenye tope. Ilikuwa ya kahawia, ukingo wake umeungua kidogo upande mmoja, siku nilipoweka pasi ya makaa karibu nayo nikiwaza mengine. Niliiokota, nikaipiga vumbi, nikaondoka nayo.

Nyumbani nilikuwa na watoto wanne. Familia za waliochukuliwa zilikuwa zikirudishwa rizavu, kule mashambani walikotengewa Wakikuyu, kwa lori, na vyombo nusu vikiachwa barabarani. Rizavu sikuwa na shamba wala kibanda. Kilichotushikilia Nakuru ni ile nyumba, na kilichoishikilia nyumba ni kile kiti. Siku ya kikao ilipofika nilienda na kofia mpaka mlango wa ofisi. Karani alinitazama, akaitazama kofia, akaipokea kwa mikono miwili.

Nilibaki kwenye baraza, chini ya dirisha. Bwana D.O. alikuwa ndani. Jina la mume wangu lilipoitwa nilimsikia akisema kwa Kiswahili chake, "Huyu iko kizuizini. Futa jina."

Karani akasema, "Bwana, kizuizini hakumo."

"Nini?"

"Kwenye kanuni, Bwana. Mjumbe anatoka akifa, akijiuzulu kwa barua, akihama wilaya, akirukwa na akili, akihukumiwa na korti, au akikosa vikao vitatu bila udhuru. Korti imo. Kizuizini hakumo."

"Basi simamisha yeye."

"Inawezekana, Bwana. Kanuni inataka sababu iandikwe, isomwe hapa, na mjumbe aletwe ajibu. Nikipata karatasi yenye sababu nitaisoma."

Nilisikia kiti kikisukumwa. Karatasi haikuwepo, maana sababu yenyewe haikuwepo zaidi ya lile gunia lililotikisika. Bwana D.O. akauliza, "Na hii kofia?"

"Ni udhuru, Bwana."

Jamani, yule aliyekimbia jogoo wangu! Kikao kilipoisha alipita pale barazani, sahani ya wino ikigongana na chupa mkononi mwake. Nilitaka kumshukuru, akaniambia tu, "Mwezi ujao uilete mapema, shemeji." Mwezi uliofuata niliileta mapema, na akaandika tena: ana udhuru. Mke wake aliniambia kwamba hakula siku mbili kabla ya kikao hicho. Watu wa kabila lake walimwambia aachane na mambo ya Wakikuyu, atajichongea. Akawauliza imeandikwa wapi.

Kabla ya kikao cha tatu mtu mmoja aliyeachiliwa kutoka kambini alikuja na ujumbe. Mume wangu alikuwa amenyolewa, kambi iko mahali pa ukungu, kifua kinambana, baridi inaingia masikioni. Alisema nimtumie kofia. Na huyo mtu alikuwa na njia ya kumfikishia, lakini ni siku hiyo hiyo, hawezi kungoja.

Ungefanya nini? Nimejiuliza swali hilo nikiosha vyombo, nikilima, nikiwa kanisani. Mtu wako anakuambia anasikia baridi. Niliitoa kofia.

Kisha nikaenda kwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, nikaazima kofia yake. Ilikuwa ya kahawia pia, mpya kidogo. Nisiseme sikujua kanuni. Niliijua, niliicheka mezani kwangu. Niliwasha pasi ya makaa, nikauunguza ukingo wake upande mmoja, nikausugua na jivu. Nilijiambia: Karani ataona, na Karani ataelewa, na Karani atanyamaza. Nilimtegemea mtu yule yule kwa jambo ambalo hajalifanya maishani mwake.

Aliipokea mlangoni kwa mikono miwili. Nikaona pua yake ikicheza, maana ilikuwa bado inanuka moshi. Akapitisha kidole gumba pale palipoungua. Aliniangalia kwa muda, nami nikamwomba kwa macho, haki nilimwomba. Akaingia nayo, akaiweka kwenye kiti.

Nilichungulia dirishani. Bwana D.O. alikuwa amekuja na safari hii hakukaa. Alisimama nyuma ya kile kiti. Jina lilipoitwa akasema, "Karani, hii iko kofia ya mjumbe?"

Wajumbe wote waliangalia sakafu. Hakuna hata mmoja ambaye angefungua kinywa kumpinga, na yule muuza nyama, Mungu amrehemu, alianza kukohoa kwa makusudi ili swali lipotee. Karani alingoja mpaka kikohozi kikamwishia muuza nyama.

"Hapana, Bwana," akasema.

Niliisikia kalamu. Labda sikuisikia, lakini mpaka leo naisikia. Aliandika: hayupo, bila udhuru. Kisha akageuza ukurasa, akasoma kanuni yote, neno kwa neno, na sauti yake ilipofika mahali pa "kiti kitakuwa wazi" ikakatika, akaanza tena kutoka juu, kwa sababu kanuni haisomwi nusu.

Tulipewa siku saba. Siku ya lori alikuja kutusaidia kufunga vitu. Alikuwa ameshika kamba, machozi yanamtoka, na safari hii hakusema ni vumbi. Mimi nilimpokonya ile kamba. Nikamwambia mbele ya watu, mbele ya mke wake aliyenishonea nguo ya uzazi, "Siku yako nawe itafika, ukae ukingoja, na usipate hata mtu mmoja wa kukupelekea kofia!" Hakuniita shemeji tena. Alisema, "Safari njema, mama."

Ile kofia ya kuazima niliiacha hukohuko kwenye kiti. Shemeji yangu, tuliyerudishwa naye rizavu, alinung'unika sana, kwanza kwa kuunguzwa, pili kwa kuachwa, mwisho akasema, "Basi ni yako hiyo, sitaki hata kuiona."

Sitasimulia rizavu. Mume wangu alikufa kambini kwa kile kifua. Waliniletea koti lake na kofia, vimefungwa kwa uzi wa katani. Ndani ya kofia palikuwa na alama ya jasho, mpya, kwa hiyo ilimfikia na aliivaa. Hilo moja nilimshukuru Mungu.

Mwishoni mwa miaka ile, vizuizi vya kusafiri vilipolegezwa, nilipata kazi ya kuchuma maua ya pareto kwenye shamba la mzungu mmoja juu Dundori. Wiki ya pili nikasikia wanawake wakimtaja mzee fulani kule kwenye nyumba za vibarua, anayeishi kwa binti yake aliyeolewa na karani wa maziwa. Mzee ambaye akiambiwa kitu anauliza kimeandikwa wapi. Kikapu kilinidondoka. Wakaniuliza, "Unamjua?" Nikasema simjui.

Nilikaa na jambo hilo moyoni siku nyingi. Halafu Jumamosi moja, baada ya kupima maua, nilienda. Sikwenda kusamehe, tuelewane. Nilikwenda kumwambia kwamba mume wangu amekufa, nimwone uso akisikia.

Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba karibu na moto, miguu imevimba, kipara kimepoteza mng'ao. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Alinitambua kabla sijafungua mdomo. Nikamwambia. Akasema, "Najua, mama. Nilipata habari." Binti yake akanipa kigoda na kikombe cha maziwa.

Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi. Kabla sijayapata, yeye ndiye aliyesema.

"Nimeandika daftari miaka mingi. Nimeandika uongo mara moja tu."

"Uongo gani?"

"Niliandika bila udhuru." Alipumua kwanza. "Kofia haikuwa yake, hilo ni kweli, na kanuni alitunga mwenyewe. Lakini bila udhuru? Kila mtu mle ndani alijua yuko wapi na nani kamfunga. Hata aliyeniuliza alijua. Kama mtu yule hakuwa na udhuru, mama, basi nani amewahi kuwa nao?"

Nililia. Sikumlilia yeye, nilimlilia mtu wangu, na pasi ya makaa, na ule upumbavu wa kufikiri moshi hautanuka. Lakini nililia nyumbani kwake, na yeye alilia pia, na binti yake akatoka nje akatuacha.

Aliporudi alikuwa amekasirika, anasema na sufuria. "Mwambie wewe, mama, labda atakusikia. Yuko kwenye kamati ya shule hapa shambani. Ndiye anayewaandikia barua za kuomba mwalimu. Amekosa mikutano miwili kwa hii miguu, na leo ni wa tatu. Wenzake wanataka abaki! Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyewaletea ile sheria yake ya kofia. Namwambia nipeleke ya mume wangu, anakataa. Namwambia watanyamaza, anakataa. Ati hana kofia."

"Sina," Karani akasema.

"Na ile iliyo chini ya kitanda?"

"Si yangu."

Binti akainama, akaivuta. Ilikuwa imefungwa ndani ya kile kitambaa cha meza cha zamani. Mungu wangu. Ya kahawia, ukingo umeungua upande mmoja, na imepigwa brashi mpaka inang'aa. Alikuwa ameitunza miaka yote.

"Iliachwa kikaoni," akasema bila kunitazama. "Haikuwa ya mjumbe, nikashindwa kuiandika. Haikuwa yangu, nikashindwa kuitupa. Nilingoja mwenyewe."

Niliishika. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoikumbuka. Nikawaza lori, nikawaza kamba niliyompokonya, na maneno niliyomtupia mbele ya mke wake. Yalikuwa yametimia mbele ya macho yangu, neno kwa neno, na hayakunipa raha hata kidogo.

"Karani," nikamwambia, "nakupa kofia hii."

Akili yake bado ilikuwa pale pale. "Ilikuwa ya shemeji yako."

"Aliniachia. Alisema ni yangu, mbele ya watu."

"Alisema lini?"

"Tulipofika rizavu. Na leo nakupa wewe, binti yako shahidi. Sasa ni yako. Inua kichwa."

Akainua kichwa kidogo kutoka kwenye mto, nikamvalisha. Ilimzidi, ikamshuka mpaka masikioni. Sijawahi kumwona mtu akiwa na uso kama ule. Akapapasa ukingo kwa kidole gumba mpaka akapafikia palipoungua, akaacha kidole papo hapo.

"Watasema hawaijui kichwani pangu," akasema.

"Nitawaambia nimekuona nayo."

Alifumba macho akafikiria, nikajua anazipitia kanuni zote moja baada ya nyingine. Kisha akaivua mwenyewe, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Uifikishe mapema, shemeji," akasema.

Darasa lilikuwa kibanda cha mabanzi nyuma ya zizi la maziwa. Wanaume sita walikuwa wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu, na dawati moja lilikuwa tupu. Walinishangaa, kibarua wa pareto, mwanamke, naingia bila kuitwa. Mmoja akauliza, "Mama, unatafuta nani?" Nilitembea mpaka kwenye lile dawati, nikaiweka kofia juu yake, upande ulioungua ukiwatazama.

"Ni ya Karani," nikasema. "Ni yake mwenyewe. Andikeni ana udhuru."

Sikuondoka mpaka nilipoona wameandika.